Opresheni ya Uzazi: Newala au Ndanda?

Fedha za korosho zikishalipwa, nyumba nyingi za uwanda wa Makonde hukaa kitako kupanga. Bati la nyumba, karo ya mtoto, deni la dukani, kila kimoja hudai fungu lake. Lakini katika baadhi ya nyumba liko dai jingine ambalo halisemwi kwa sauti. Mama mja mzito ameambiwa kliniki kwamba safari hii hatajifungua kwa njia ya kawaida, bali atapasuliwa, na siku ya kupasuliwa itatajwa mapema. Hapo ndipo swali linapoanza. Je, aende hospitali ya wilaya papo hapo Newala, ambako sera ya nchi yasema huduma ya uzazi haina malipo? Au familia itoe fedha yake ya mnada, ateremke mlima kwenda hospitali ya misheni ya Ndanda, ama asafirishwe mbali zaidi kwa daktari wa kulipwa mjini?

Tumeona yafaa swali hili lijadiliwe katika ukurasa huu. Si jambo la wanawake peke yao, kama wanaume wengi wapendavyo kusema wanapotaka kulikwepa, wala si jambo la matajiri. Mwalimu wa shule ya msingi, karani wa chama cha ushirika, dereva wa lori na mkulima wa mikorosho michache, wote wamekwisha kukutana nalo au watakutana nalo.

Kwanza tuelewane. Opresheni za uzazi ziko za namna mbili. Iko ya dharura, mama ameshikwa na uchungu siku nzima, njia haifunguki, au damu inamtoka, au mapigo ya moyo wa mtoto yamepungua, na kila dakika ina thamani. Na iko ya kupangwa, ambayo sababu yake imejulikana mapema: mama ana makovu mawili ya opresheni zilizotangulia, au kondo la nyuma limekaa chini likaziba njia, au mtoto amelala kingamo wala hageuki. Tuseme papo hapo kwamba mwenye kovu moja tu, tena la chini na la kukingama, si lazima apasuliwe mara ya pili. Wengi wa akina mama hao huweza kujaribu kujifungua kwa kawaida, mradi wawe katika hospitali yenye chumba cha upasuaji na watu wa kukitumia. Mama wa namna hiyo akiambiwa atapasuliwa tena, ana haki ya kuuliza kwa nini.

Tofauti ya opresheni hizi mbili ni kubwa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 22 za Afrika, ukachapishwa mwaka 2019, uliwahesabu akina mama 3,684 waliopasuliwa, na 20 kati yao walikufa. Kiasi hicho ni kama mara 50 ya kile cha nchi zenye utajiri. Zaidi ya robo tatu ya opresheni zile zilikuwa za dharura, na miongoni mwa hatari kubwa zilizoonekana ni kutokwa na damu na madhara ya dawa ya usingizi. Kwa hiyo mama wa Newala aliyetajiwa siku yake amekwisha kupata kitu ambacho hakiuzwi katika hospitali yoyote, nacho ni muda. Anazo wiki kadhaa za kuuliza, kupima, kutafuta watu wa kutoa damu na kuchagua mahali. Watu wengi, kwa bahati mbaya, huutumia muda huo wote kuhangaikia fedha tu, na siku ikifika wamepata fedha lakini hawajauliza lolote.

Wako wazee wasemao kwamba kupasuliwa ni mtindo wa kigeni. Wazee hao tunawaheshimu, lakini historia haiko upande wao. Mwaka 1879, Mwingereza mmoja aitwaye Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, katika nchi ya Bunyoro, mganga wa kienyeji akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyo hiyo mganga akanawa mikono na kuliosha tumbo la mama. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likabanwa kwa misumari myembamba ya chuma na nyuzi za gome. Felkin alipoondoka siku ya kumi na moja, mama na mtoto walikuwa wazima. Aliyaandika hayo katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884, na madaktari wa Ulaya wakastaajabu.

Hapa kwetu kusini upasuaji wa hospitali ulijengwa kwa sehemu kubwa na misheni. Wabenediktini walifungua kituo chao cha Ndanda mwaka 1906, na hospitali ikakua pembeni mwa kanisa. Upande wa Masasi walikuwapo wamisheni wa UMCA, na kwao alifika mwaka 1935 daktari mpasuaji Leader Stirling, aliyefanya kazi Lulindi kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Mnero kwa Wabenediktini. Huyu ndiye aliyekuja kuingia Bungeni, na toka mwaka 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Twamtaja kwa sababu maalumu. Alikuwa waziri mwaka 1977, Bunge lilipopitisha sheria ya kuzuia watu binafsi wasiendeshe hospitali kwa ajili ya faida. Sheria ile haikuzifunga hospitali za misheni. Mashirika yaliyokubaliwa na serikali yaliendelea na kazi, na sheria ilimlenga yule aliyegeuza ugonjwa wa mwenzake kuwa duka.

Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1991, na milango ya hospitali za binafsi ikafunguliwa tena. Miaka miwili baadaye, yaani 1993, uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za serikali zenyewe, ingawa waja wazito na watoto wadogo waliachwa nje ya malipo. Sisi wa Chama hatuoni haya kusema kwamba nia ya mwaka 1977 ilikuwa njema. Wala hatuoni haya kukiri kwamba sheria peke yake haileti glovu wala nyuzi za kushonea. Msomaji anajua mwenyewe jinsi neno "bure" lilivyo katika wodi nyingi za uzazi nchini: huduma haina malipo, lakini mama hufika na beseni, pamba, glovu na kanga zake, na jamaa hutoa nauli na chakula. Ndiyo maana mtu mwenye senti kidogo huanza kufikiri kwamba, maadamu atalipa kwa vyovyote, afadhali alipe mahali atakapoheshimiwa.

Hoja hiyo hatuibezi. Mama aliyepasuliwa ana haki ya kitanda chake peke yake, pazia, na muuguzi anayemwita kwa jina lake. Kama hospitali ya kulipia inampa hayo na ya serikali haimpi, aibu si ya mama. Lakini pazia halizuii damu, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika, wakaipima hospitali kwa lango lake na kwa sakafu yake ya vigae.

Yapo mambo ambayo kwayo mama hupona au hufa, na karibu yote yaweza kuulizwa kwa maneno mepesi kabla ya siku yenyewe. Nani atakayempa dawa ya usingizi, na je, mtu huyo yupo kila siku au huitwa kutoka mbali? Siku hizi opresheni iliyopangwa hufanywa kwa kawaida kwa sindano ya mgongo. Mama yu macho, tumbo na miguu imekufa ganzi, na mtoto akitoka humwona. Sindano hiyo ni njema sana ikishikwa na mtu aliyeijua kazi, na aliye tayari ikiwa presha ya mama itashuka ghafula. Damu ipo? Si damu "itakayotafutwa", bali iliyokwisha kupimwa na kulinganishwa na ya mama. Mtoto akizaliwa hapumui vizuri, nani atamshughulikia, na kwa chombo gani? Usiku baada ya opresheni, wakati daktari amekwenda kulala, nani atapita kutazama kama mama anatokwa na damu?

Na maji. Mgeni wa uwanda wetu hucheka akisikia swali hilo, lakini mtu wa Newala hachekeshwi nalo. Juu huku hakuna mto. Vizazi vya akina mama wa Kimakonde vimeteremka mabondeni na kupanda na mitungi kichwani, na hata mradi wa maji wa Makonde hutegemea pampu za kuyapandisha maji kutoka Mitema, katika bonde la Kitangari. Pampu ikisimama, mji huona kiu. Kwa hiyo hospitali yoyote juu ya uwanda huu, iwe ya serikali, ya misheni au ya mfanyabiashara, iulizwe matangi yake yana ukubwa gani na jenereta yake ina mafuta.

Kuhusu daktari mwenyewe tunalo neno. Iko tabia ya kudharau hospitali ya wilaya kwa kuwa anayepasua "si daktari kamili". Nchi yetu ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963, na kwa miongo mingi wao ndio walioshika kisu katika hospitali za mashambani. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa mikoa ya Kigoma na Mwanza, ambao Dr. Godfrey Mbaruku alikuwa mmoja wa waandishi wake. Ulionyesha kwamba opresheni nyingi mno za uzazi katika hospitali zile zilifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakupitwa na yale ya madaktari wenye digrii. Anayepasua akina mama kila wiki, miaka kumi mfululizo, mkono wake umejua kazi. Basi swali la kuuliza ni hili: amefanya opresheni ngapi mwaka huu? Hospitali ndogo ya kulipia yenye daktari mwenye vyeti vingi, ambayo hupasua mara moja kwa mwezi, yaweza kuwa hatari kuliko ile tunayoidharau.

Liko pia tatizo la kisu kinachofuata fedha. Mahali ambapo opresheni hulipwa kuliko kuzaa kwa kawaida, na mama au bima yake ndiye mlipaji, mizani huweza kuelemea upande mmoja bila mtu yeyote kusema uongo. Brazili ni mfano unaojulikana duniani: zaidi ya nusu ya watoto wa nchi ile huzaliwa kwa opresheni, na katika hospitali za binafsi ni zaidi ya wanane kati ya kila kumi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba, kwa hesabu ya watu wote, kupita kiasi cha asilimia 10 hakuonekani kupunguza vifo. Lakini tusiwatupie watu wa binafsi peke yao lawama. Katika Muhimbili, hospitali ya taifa, kiasi cha waliopasuliwa kilipanda kutoka asilimia 19 mwaka 2000 hadi asilimia 49 mwaka 2011. Ni kweli hospitali hiyo hupokea waliozidiwa kutoka kila pembe, lakini watafiti walikuta ongezeko hata kwa akina mama wasio na hatari kubwa. Kila opresheni isiyo ya lazima huacha kovu, na kovu hilo huja kuleta swali lake katika mimba ifuatayo.

Hapo ndipo umbali unapoingia. Mwaka 2007 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya tano za kusini, Newala na Tandahimba zikiwamo, wakahesabu kaya zipatazo 226,000. Matokeo yaliyotolewa baadaye yalionyesha kwamba vifo vya akina mama vilivyotokana moja kwa moja na uzazi vilikuwa karibu mara nne kwa wale walioishi zaidi ya kilomita 35 kutoka hospitali, kuliko kwa wale walioishi ndani ya kilomita 5. Familia ikimchagulia mama hospitali ya mbali, basi imhamishe kabisa mapema akakae karibu nayo kwa jamaa au katika chumba cha kupanga. Isimwache kijijini hadi siku ya miadi. Opresheni ya kupangwa, kama hakuna haraka nyingine, hufanywa kwa kawaida kuanzia wiki ya 39, ili mapafu ya mtoto yakomae. Lakini uchungu hausomi kalenda. Mama mwenye makovu mawili akishikwa na uchungu wiki ya 37 akiwa bado nyumbani, opresheni iliyopangwa imegeuka ya dharura, na fedha iliyowekwa kwa ajili ya Ndanda italipa gari tu.

Nao msimu una mambo yake. Minada ya TANECU huanza mwezi wa Oktoba, na mkulima huwa na fedha mwisho wa mwaka. Mtoto aweza kuja Juni, wakati mkebe u mtupu. Anayetaka hospitali ya kulipia na aombe bei kwa maandishi, tena bei yote: opresheni, dawa, siku za kulala, damu, na huduma ya mtoto akihitaji kuangaliwa. Kisha aulize swali ambalo wengi hulisahau: mambo yakiharibika hapa, mgonjwa wenu humpeleka wapi? Kama jibu ni hospitali ile ile ya serikali aliyoikimbia, basi familia imelipa ili izunguke.

Sasa tuseme wazi maoni yetu, kwa kuwa msomaji hatatusamehe tukimwachia maswali matupu. Mama mwenye makovu, ambaye ultrasaundi imeonyesha kondo la nyuma limekaa juu mahali pake, ambaye damu yake haijapungua wala hana presha, hana sababu ya kuikimbia hospitali ya wilaya, ikiwa imejibu vizuri maswali tuliyoyataja. Fedha yake na aiweke kwa chakula, nauli na dharura. Lakini mama mwenye makovu ambaye kondo limeshuka likalala juu ya kovu, huyo mambo yake ni mengine. Kondo laweza kuwa limejichimbia ndani ya kovu lenyewe, na likibanduliwa damu hutoka kama mfereji. Huyo asibishaniwe bei. Apelekwe mapema penye wapasuaji wazoefu na damu ya kutosha, iwe Ndanda, iwe Ligula au hospitali ya rufaa ya kanda huko Mtwara, na kama familia haina fedha, ndugu na tawi wachange. Ultrasaundi hiyo ifanywe mapema kwa kila mwenye kovu, na cheti cha opresheni ya kwanza, kisemacho kovu lilikatwa vipi, kitunzwe kama hati ya shamba.

Nani aamue? Kwetu Wamakonde mjomba ana sauti, mume ana mfuko, na mama mkwe ana maneno. Wote wasikilizwe. Lakini tumeona vikao ambamo mwenye tumbo hukaa mkekani akisubiri kuambiwa atapasuliwa wapi, kama kwamba tumbo ni mali ya ukoo. Yeye ndiye aliyeongea na daktari, na yeye ndiye atakayetia sahihi karatasi ya ridhaa. Basi neno lake liwe la kwanza na la mwisho.

Kwa wanachama wenzetu tuna lawama moja. Mwalimu mkuu, ofisa na diwani wana bima au wana mshahara, nao huwapeleka wake zao kwingine. Hatuwakatazi. Lakini akishakwenda kwingine, haulizi tena kwa nini wodi ya uzazi ya wilaya haina pazia, wala kwa nini friji ya damu imeharibika, na wale waliobaki ndio wasiozoea kuuliza. Bunge lilipitisha mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kadi ya bima haiwezi kutibu mahali pasipo na mtaalamu wa usingizi. Madiwani wetu wanapokaa na makadirio ya halmashauri, waombe taarifa ya mambo manne tu kutoka kila kituo kinachopasua: damu, usingizi, maji na umeme, ni siku ngapi mwaka huu kimoja kilikosekana. Taarifa hiyo ibandikwe ubaoni, mama na mumewe waisome kabla ya kuchagua.

Limebaki moja, nalo latokea baada ya hospitali yoyote itakayochaguliwa. Mama aliyepasuliwa hurudi nyumbani baada ya siku chache, naye huonekana mzima. Anatembea, ananyonyesha, anacheka na wageni. Kwa muda wa wiki sita hivi hapaswi kubeba kitu kizito kuliko mtoto wake. Jeraha likiwa jekundu, likitoa usaha, au mama akipata homa, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Na kabla hajaondoka kwenda kupasuliwa, mume aseme mbele ya mjomba na mama mkwe ni nani atakayechota maji ya nyumba ile, kwa jina, na kwa siku zote hizo.